Dramu Zilizoandikwa Kariakoo

Ukiingia dukani kwake ukauliza dramu hizi ni za wapi, hakujibu. Alikuuliza na yeye: "Unataka kujua mbao ni za wapi, chuma ni cha wapi, au jina ni la wapi?" Wateja wengi walidhani anawachezea. Wametoka Mbagala au Morogoro, wametumwa na kanisa, bahasha ya michango imo ndani ya mkoba, na wanachotaka ni neno moja tu la kupeleka nyumbani: Ujerumani, Marekani, Japani. Yeye anawapa mtihani. Nimewaona kwa macho yangu wakigeukia mlangoni na kuvuka barabara kwenda duka la jirani, ambako neno hilo walipewa kabla hata hawajaketi.

Mimi nilimwita "mwenye duka" tu, kama mtaa mzima ulivyomwita, utafikiri Kariakoo nzima ina duka moja. Yeye aliniita Mama Bandari. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini: mtu akiagiza bidhaa nje, mimi ndiye ninayezunguka na makaratasi yake kuanzia ofisi za Posta mpaka getini, hadi kontena litoke. Kazi hii ina sharti moja ambalo halijaandikwa popote. Unasoma mambo ya watu, unafunga faili, unanyamaza. Ukitaka kujiletea njaa mwenyewe, mtajie mfanyabiashara mmoja kile alichoagiza mwenzake.

Mwenye duka alikuwa na mkono wa kugonga. Kila seti iliyofika aliitoa kwenye boksi, akaushika mzinga wa ngoma kwa vidole vitatu kama anayeshika sahani ya moto, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio. Alisema "mzinga", neno la wazee wa pwani, wakati vijana wote wa Kariakoo husema "pipa". Ukisema pipa mbele yake ulikuwa umejitafutia. "Pipa ni la maji," angekwambia, "nenda mtaa wa Gerezani wakakuuzie." Baada ya kugonga alisema neno moja kati ya mawili, "huyu" au "bado", na kuuweka mzinga kulia au kushoto. Nilikaa naye miaka ndipo nikaelewa kwamba "huyu" walikuwa wachache sana.

Ajabu yake ni kwamba hakuweza kupiga. Si kwamba hakupenda, hakuweza. Kwenye harusi moja ya mtaani nilimwona akipiga makofi na watu wote, na makofi yake yakaanguka kila mara pale ambapo ya wengine hayapo, mpaka bibi mmoja aliyekaa mbele akageuka kumtazama. Zaidi ya hapo hakupenda kelele. Ukutani alibandika karatasi: KUJARIBU DAKIKA MOJA. Dakika ikiisha alikuja mwenyewe, akakuondolea fimbo mikononi kwa upole, akakushukuru. Alikuwa Mwislamu wa familia za zamani za mji huu, Ijumaa mlango unafungwa mapema, na wateja wake karibu wote walikuwa makanisa. Kwaya zikimjia alizijua kwa sauti zao kuliko kwa majina. Mama mmoja wa kwaya alimtania, "Mzee, kwa dramu ulizotuuzia wewe, mwisho utaokoka." Akamjibu, "Nikishaokoka na makelele yenu, inatosha."

Alisema ukweli mahali ambapo wafanyabiashara wengine wangeona heri wafe. Mteja akiwa ameshapenda rangi, ameshatabasamu, ameshaanza kufungua mkoba, yeye anasema: "Pedali hii itakusumbua. Baada ya miezi sita, springi yake italegea." Mimi nilikuwa nimekaa pale nikisubiri sahihi yake, nikatamani kumziba mdomo. Lakini huyu huyu msema kweli aliniambia kila wiki kwamba ameacha sigara, na kila wiki shati lake lilinuka sigara. Kuhusu umri wake alitaja miaka tofauti kwa watu tofauti. Na kama ulimletea chai isiyo na tangawizi alikuambia ni nzuri sana, halafu akaimwaga ukitazama pembeni. Kwa hiyo sisemi alikuwa malaika. Nasema kwenye dramu hakudanganya.

Bei yake haikushuka. Alikuja mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa ametumwa na askofu, akataka apunguziwe kwa heshima ya askofu. Mwenye duka akamwambia ampelekee askofu salamu nyingi, na bei ni ile ile. Mchana wa siku ile ile aliingia mwalimu wa shule ya msingi ya jirani na ngoma ndogo iliyopasuka, mwenye duka akakaa nayo mpaka alasiri akiigundisha, na alipoulizwa malipo akasema mwalimu amletee watoto wamwimbie. Hawakuja, nadhani kwa bahati nzuri, maana angewapa dakika moja.

Kuna safari moja aliyoisimulia kila mara kwa maneno yale yale, na mimi nikawa naisikiliza kila mara kama mpya. Aliwahi kwenda mwenyewe Uchina, kwenye kiwanda kinachomtengenezea. "Mama Bandari, nilidhani nitakuta mashine," alisema, "nikakuta akina mama." Akina mama walikuwa wanachukua mbao nyembamba kama karatasi ya daftari, wanazipaka gundi, wanazipanga moja juu ya nyingine, wanazikunja ndani ya chuma cha duara. Chuma kinabanwa, kinatiwa joto, na baadaye unatoka mzinga. Mbao zenyewe ni laini, za bei ya chini. Ukizikwaruza kwa kucha zinabaki na alama. Halafu mzinga unavishwa nailoni ngumu inayometameta, nyekundu au nyeusi au ya fedha, na hapo macho ya mnunuzi yanakuwa yameshatekwa.

Lililomkaa moyoni ni meza moja. Juu ya meza hiyo kulikuwa na trei za vibati, vile vidogo vya jina vinavyogongwa kwenye kitundu cha pembeni mwa ngoma, kitundu kinachotoa hewa. Kila trei ilikuwa na jina lake. Majina ya maduka ya Ulaya, ya Marekani, ya Afrika Kusini, ya Bara Hindi. Mama mmoja mwenye nyundo ndogo alikuwa anasoma karatasi ya oda, anachukua kibati kwenye trei inayotakiwa, anagonga. "Asubuhi kagonga la duka la London, mchana kagonga la Dubai, mizinga imetoka tanuri moja. Sisi wenye oda ndogo hata hatugongewi. Jina tunatumiwa kwenye mfuko, tuje tujigongee wenyewe huku kwetu."

Kwenye kona ya kiwanda alimwona mzee mmoja peke yake, ana jiwe pana lililonyooka kabisa. Mzee yule alikuwa anauinamisha mzinga, mdomo chini, anawasha taa ndani, halafu anapiga magoti kutazama kama mwanga unapenya kati ya mdomo na jiwe. Ukipenya mahali, pana bonde. Anasugua kwa msasa mpaka mwanga upotee pande zote. Ngozi ya dramu, ambayo siku hizi ni plastiki, inakaa juu ya mdomo ule. Mdomo ukiwa na mawimbi ngozi haikai, na ngozi isipokaa unaweza kukaza skrubu mpaka vidole viote malengelenge, ngoma italia kama ndoo. Mwenye duka akamwuliza mkalimani, hizi zangu nazo zinapita kwa huyu mzee? Mkalimani akauliza, akacheka kwa adabu, akamtafsiria: kwa bei yenu, hatua hiyo haipo.

"Basi nikaielewa dunia," alikuwa anamalizia. "Tofauti yote ni yule mzee mmoja."

Aliporudi alinunua kioo kinene kutoka duka la dhahabu lililokuwa linafungwa, akakilaza juu ya meza chumba cha nyuma, akabandika msasa upande mmoja. Tangu siku hiyo, kila mzinga uliopita mikononi mwake ulisuguliwa pale, ukainamishwa juu ya kioo kitupu, ukawekewa tochi ndani. Seti moja ilimla siku mbili. Nilimkuta mara nyingi amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, shavu karibu na meza, jicho moja limefungwa, na mimi nikisimama na makaratasi yangu nikisubiri mwanga upotee ndipo anisalimie. "Shikamoo," nasema. Dakika mbili baadaye, "Marahaba, Mama Bandari. Ulisema nini?"

Hapo ndipo lilipokuja suala la jina. Aliagiza vibati vyake viandikwe KARIAKOO. Watu wa kiwanda waliandika mara mbili kuuliza kama hajakosea. Mimi nilipoviona nilishika kichwa. Kila mtu mji huu anajua maana ya kumwambia mtu kitu chake ni cha Kariakoo. Unavuta mdomo pembeni kidogo na umeshamwambia ni feki. Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akiuza dramu za aina ile ile, alikuwa na kibati cha jina la Kizungu lenye vinukta viwili juu ya herufi, na nadhani vile vinukta peke yake viliuza seti nyingi.

"Mzee, hapa umejichimbia kaburi," nilimwambia.

"Ulitaka niandike nini?"

"Chochote! Hata jina la mbwa wa Mzungu."

Alicheka, lakini si sana. "Mkono wa mwisho umepita hapa, Mama Bandari. Kazi aliyotakiwa kuifanya yule mzee kule nimeifanya mimi hapa. Nikiandika kwingine nitakuwa nimejiibia mwenyewe."

Wateja walisoma kibati wakacheka. Wengine waliuliza kama anacho cha kubadilisha. Alibaki na wale wachache waliojua kusikiliza, na wale waliokosa cha jirani. Alikuwa anataka kitu kimoja tu maishani, na aliwahi kukisema wazi: kanisa moja kubwa la mjini, lenye kusikika, liziweke dramu zake mbele ya watu zikiwa na jina lake, ili siku moja mtu aseme "ya Kariakoo" bila kuvuta mdomo. Alisema akiwa anafunga skrubu, wala hakuinua kichwa.

Sasa nieleze kilichotokea bandarini, maana bila hicho huwezi kuona kosa langu.

Kariakoo ni kawaida wafanyabiashara wawili watatu kuchangia kontena moja. Mwenye duka na jirani yake, pamoja na kushindana kwao, walichangia, kwa sababu kiwanda kilikuwa kimoja. Maboksi ya mmoja yalipigwa mstari wa rangi ya buluu, ya mwingine mwekundu. Mara moja mzigo ulikuja na kiwanda kilikuwa kimesahau mistari. Maboksi yote meupe, dramu zote nyeusi, na mifuko miwili ya vibati imewekwa juu. Tulisimama uani mwa bandari, mimi na karatasi zangu, makuli wanasubiri, jirani anatokwa jasho.

"Mzee, zangu zipi?" jirani akauliza.

"Chagua."

"Nachagua vipi sasa? Zote si sawa tu!"

Mwenye duka akamtazama, akasema, "Umesema mwenyewe, mimi simo."

Jirani aliona aibu kidogo, halafu akacheka, halafu wakagawana maboksi nusu kwa nusu bila kufungua hata moja. Kila mtu akachukua mfuko wake wa vibati. Mmoja akaenda na Ulaya yake mkononi, mwingine na Kariakoo yake. Nikapiga mhuri. Safari nzima ya kurudi mjini nilikuwa nacheka peke yangu.

Miaka kadhaa baadaye usharika wetu kule Ilala uliamua kununua dramu. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, Mlutheri wa kuzaliwa, na nilikuwa kwenye kamati. Mwenyekiti wetu alikuwa mstaafu wa reli, mtu anayetaka kila kitu kiwe na kiambatanisho. Aliweka picha mbili mezani. Bei zilikuwa karibu sawa. Moja ya jirani, moja ya mwenye duka, zote nyeusi. Wajumbe walizipitisha mkono kwa mkono. Mmoja akasema, "Hii imeandikwa Kariakoo kabisa, jamani! Si tutachekwa?" Wakaangua kicheko.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Mama, wewe ndiye uko bandarini, unaona vitu vinavyoingia. Unasemaje?"

Niliulizwa, waziwazi, mbele ya watu saba. Nikasema, "Zote ni dramu. Mchague tu mnayoona inafaa."

Wakachagua yenye vinukta. Nikajiambia nimelinda sharti la kazi: siwezi kutoa siri ya makaratasi ya jirani. Nilijiambia hivyo nikiwa natembea kwenda nyumbani, na nikajiambia tena siku ya ibada ya kuzindua, wakati dramu ile inapigwa na mimi nasikia ile sauti ya ndoo.

Aliyeumia kwanza hakuwa mwenye duka. Aliyekuwa akitupigia ni dada mmoja, muuguzi, mwenye mkono mzuri. Alikaza skrubu, akalegeza, akabadilisha ngozi, ngoma haikukubali. Watu wakaanza kusema ni yeye. Mtu akasema kitu cha Ulaya kinataka mtu aliyesoma. Muuguzi yule aliyasikia yote, na baada ya Pasaka akakaa kwenye viti vya nyuma na shangazi yake, hakupiga tena. Tuliimba na kinanda peke yake. Mimi nilimsalimia kila Jumapili na nikamwuliza habari za wodini.

Ni yeye mwenyewe aliyeichukua dramu ile siku moja, akaipakia kwenye bajaji na kuipeleka kwa mwenye duka, baada ya kuambiwa na mwenzake wa kanisa jingine kwamba kuna mzee anayezitibu. Nilimkuta pale kwa bahati, nimepeleka makaratasi. Mwenye duka alikuwa ameutoa mzinga ngozi, ameuweka juu ya kioo na tochi ndani, na alikuwa amemwita muuguzi apige magoti upande wa pili aone. Mwanga ulikuwa unavuja sehemu tatu.

"Unaona?" akamwuliza.

"Naona."

"Basi si mikono yako."

Dada yule alilia. Alilia akiwa amepiga magoti kwenye vumbi la mbao, na mwenye duka akasimama kando na msasa wake asijue afanye nini, mpaka akaamua kumpa kiti. Kisha akasugua. Alifanya siku mbili, kama alivyofanya zake. Nilimwuliza kama atabadilisha kibati, maana kazi sasa ilikuwa yake. Akasema dramu si yake, ni ya kanisa, na kanisa lilichagua jina.

Jumapili iliyofuata muuguzi alirudi mbele, na ngoma ile ikasema. Watu waligeuka kutazama. Baada ya ibada mwenyekiti alisimama nje ya kanisa akiwaeleza wajumbe, kwa furaha kubwa, kwamba kitu cha Ulaya ndivyo kilivyo, kinahitaji muda kuzoea hali ya hewa yetu. Muuguzi alinitazama mimi. Alikuwa ameshamwambia mwenyekiti ni nani aliyeitengeneza, na mwenyekiti alikuwa amesikia "fundi" tu. Hapo nilikuwa na nafasi ya pili, bure, mchana kweupe. Nikasema hali ya hewa ya Dar kweli ina mambo yake.

Nimeyaandika haya kwa aibu, lakini nimeyaandika.

Mwaka huu jengo lenye duka lake limeuzwa. Litavunjwa, litapandishwa ghorofa kama mengine yote. Niliambiwa na kuli mmoja, nikaenda asubuhi. Nilimkuta anafunga maboksi kwa kamba. Amepungua mwili. Anahamia Buguruni, kwenye chumba cha uani kwa ndugu yake, mahali ambapo mteja hafiki kwa kupita njia. Atafika tu kama amesikia jina. Seti tisa zilikuwa zimebaki, zote zimesuguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Bandari. Leo hakuna cha kupiga mhuri."

Nilimsaidia kufunga boksi moja, la pili nikashindwa kuendelea. Nikamweleza yote: kamati, picha mbili, swali la mwenyekiti, jibu langu, na ile habari ya hali ya hewa. Nikamwambia usharika wetu umefungua kanisa dogo Kigamboni na kamati inakaa tena wiki hii kununua dramu nyingine, na wameshaanza kutaja yenye vinukta. Nikamwambia nilinyamaza kwa sababu ya sharti la kazi, siri za mteja.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku anakaza fundo.

"Siri za jirani zilikuwa za jirani," akasema. "Hapo ulifanya vizuri. Ungezitoa, nisingekupa tena karatasi zangu." Akahamia fundo la pili. "Lakini zangu, Mama Bandari? Ulinikuta nimepiga magoti miaka mingapi? Zangu nilikukataza lini?"

Nilisimama katikati ya maboksi yale na kuona uso unawaka. Ni kweli, sikuhitaji kumtaja jirani hata mara moja. Ningewaambia tu kile nilichokiona chumba cha nyuma.

Nikatoa simu nikampigia mwenyekiti hapo hapo. Nje walikuwa wanashusha marobota na makelele yalikuwa mengi, ikabidi niweke simu kwenye spika. Nikamweleza habari ya kioo na tochi, siku mbili kwa seti moja. Nikamwambia aliyeiponya dramu yetu si hali ya hewa, ni mwenye duka aliyeandika Kariakoo kwenye kibati chake, na zake zote zinapita kwenye mkono ule ule.

Mwenyekiti akauliza, "Mama, wewe haya uliyajua siku zote?"

"Niliyajua."

"Siku ile si nilikuuliza? Mbona hukusema?"

Lile jibu la sharti la kazi lilikuwa mdomoni tayari, limekaa vizuri kwa kuzoea. Lakini mwenye duka alikuwa ameacha kamba, ananitazama.

"Niliogopa," nikasema. "Ni mteja wangu. Niliogopa mtasema nimepewa cha juu."

Mzee wa reli akasema, polepole, "Na kweli tungesema."

Mwenye duka akasogea, akainama juu ya simu iliyokuwa mkononi mwangu. Hakuisalimia kamati, hakusifia dramu zake. "Mwenyekiti," akasema, "njoo mwenyewe kesho asubuhi, kabla sijahama. Mlete na yule dada muuguzi, ndiye apige. Na huyu mama asiwepo."

Iliniuma. Sitasema haikuniuma, nilitamani niwe pale nione uso wa mwenyekiti, na nilihisi hiyo ilikuwa haki yangu ndogo baada ya kusema. Lakini nilielewa pia kwamba alikuwa amenitoa kwenye mdomo wa watu, na ameitoa dramu yake pamoja na mimi, ili ikichaguliwa iwe imechaguliwa kwa sikio. Nilimalizia kufunga lile boksi la pili. Nikamuaga, nikachukua mkoba wangu, na kesho yake sikukanyaga Kariakoo.